Zeze katika Njia ya Misafara: Maisha ya Hukwe Zawose

Jina la Kanyenye limo mara mbili katika habari za njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika. Kanyenye moja ilikuwa nchi ya Ugogo, chini ya mtemi Magomba, na hapo kila msafara ulilazimika kusimama na kutoa hongo ya nguo na shanga kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Kanyenye nyingine imo Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha biashara ya bara, na hata leo jina hilo ni la mojawapo ya kata za mji huo. Baina ya Kanyenye hizo mbili palikuwa na pori la Mgunda Mkali, lenye miiba mingi na maji haba, nalo liliogopwa sana na wasafiri. Mpagazi aliyelivuka pori hilo na frasila mbili za pembe begani hakuwa na nafasi ya kuchukua mali yake mwenyewe ila kitu chepesi tu. Zeze lilikuwa chepesi: kibuyu, kijiti, na uzi.

Katika habari za njia hiyo hutajwa sana pembe, watumwa, bunduki na hongo. Muziki hutajwa kidogo, tena kwa haraka, kama kitu cha kupitisha jioni baada ya kazi kwisha. Walakini msafara haukwenda bila ya muziki. Kiongozi alitangulia na bendera, amevaa mapambo ya manyoya na ngozi, na nyuma yake mpiga ngoma. Palipokaribia kijiji baragumu lilipigwa, na wapagazi wakaitikia nyimbo ili miguu isilegee. Usiku, mizigo ikiisha kupangwa na mioto kuwashwa, ndipo ulipofika wakati wa ala za sauti ndogo.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton, pamoja na mwenziwe John Speke, alifika Kazeh, makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu mahali ulipo sasa mji wa Tabora, baada ya siku 134 tangu kuiacha pwani. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1860, Burton alilieleza zeze kwa uangalifu mkubwa: kibuyu kilicho wazi upande wa chini, mti mwembamba uliopata kama futi mbili, vipande vilivyochongwa mwishoni mwa mti ili vidole vipate mahali pa kubana uzi, na daraja dogo la unyoya lililouinua uzi huo. Wakati mwingine uliongezwa uzi wa pili kandoni, wa kuitikia ule wa kwanza. Alipotafuta neno la kuwafahamisha wasomaji wake, alilifananisha na banjo. Na banjo yenyewe ni ala ambayo Waafrika waliochukuliwa utumwani walikwenda nayo ng'ambo ya Atlantiki katika kumbukumbu zao, wakaitengeneza upya huko. Hivyo msomaji wa London alielezwa kitu cha Afrika kwa jina la kitu kingine kilichokuwa kimetoka Afrika.

Yote hayo Burton aliyaona na kuyapima. Ila katika maelezo hayo ya zeze hamna jina la mtu aliyelipiga. Urefu wa mti umeandikwa, na mpigaji hakuandikwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa karibu wapiga zeze wote wa njia ya misafara: walitembea mamia ya maili, walisikilizwa na watu wa makabila mengi, wakafa na majina yao. Ndiyo sababu maisha ya Hukwe Ubi Zawose, Mgogo aliyezaliwa kando ya njia hiyo hiyo, yafaa kutazamwa kwa makini. Yeye aliondoka na jina, na jina hilo lilikuwa na bei yake.

Kabla ya kumfuata yeye, ni vema kueleza ala yake, kwani neno zeze hutumika kwa vitu viwili. Zeze la kwanza ni hilo aliloliona Burton, la kukwatuliwa kwa vidole, ambalo lilijulikana pwani na bara, na makamusi ya kale ya Kiswahili yanalitaja. Zeze la pili hupigwa kwa uta. Hili lina kibuyu au mti uliochongwa ndani na kuwambwa ngozi, mti mwembamba uliopenya kati yake, na uzi mmoja, miwili au zaidi. Uta wake ni kijiti kilichopindwa na kufungwa nyuzi, zikapakwa utomvu ili zishike. Mpigaji haukandamizi uzi mpaka ugote kwenye mti. Huugusa kwa ncha za vidole tu, nao hutoa sauti yenye mkwaruzo, iliyo karibu sana na sauti ya mtu. Wagogo hulipiga hilo la pili. Huliita izeze, na dogo lake chizeze.

Zeze la uta lina ndugu wengi Afrika Mashariki: orutu ya Wajaluo, wandindi ya Wakikuyu, siriri ya Waluhya, endingidi ya Waganda. Wataalamu kadhaa huona kwamba ujamaa huo ulienea kwa njia za biashara, na kwamba nyuma yake imo rababa ya Waarabu. Endingidi, kwa mfano, haikuwa ya zamani sana Buganda. Ilianza kupigwa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini asili ya ala si asili ya muziki. Rababa ikifika mahali haiji na nyimbo zake zote. Wenyeji huitia sauti yao, na baada ya vizazi viwili au vitatu hapana akumbukaye kwamba ilikuja.

Sauti waliyoitia Wagogo ni ya namna yake. Ugogo ni nchi kavu, yenye mvua chache na njaa nyingi, na njaa kubwa ya zama za vita vya kwanza vya dunia, inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliua watu wengi. Watu wake ni wafugaji na wakulima kwa pamoja. Katika nchi hiyo umekua muziki wa sauti nyingi zinazoimbwa kwa wakati mmoja, kila sauti ikishika njia yake bila ya kuiponda nyingine. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki wa Austria, alieleza kwamba mpango wa sauti za Wagogo hufuata zile sauti ndogo zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotikiswa, kuanzia ya nne hata ya tisa. Maana yake ni kuwa mwimbaji wa Kigogo huimba kwa kufuata kitu kilichomo katika uzi wenyewe, na mpiga zeze anapoimba huku akipiga, sauti ya koo na sauti ya uzi hushikana hata ni vigumu kuzipambanua. Pamoja na zeze ipo ilimba, marimba ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ipo ndono, upinde wenye kibuyu. Zipo filimbi, kayamba na njuga. Na zipo ngoma za muheme ambazo hupigwa na wanawake.

Katika muziki huo Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938, katika kijiji cha Doguwa, nchi ya Dodoma. Msafara wa mwisho ulikuwa umekwisha kupita zamani. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, nayo ikaiondoa kazi ya mpagazi katika njia ile. Mizigo iliyochukua miezi mabegani mwa watu ikachukua siku chache katika behewa. Pamoja na mpagazi likaondoka zeze la safari. Likabaki zeze la nyumbani, la machungani na la ngomani. Mtoto wa kiume wa Kigogo katika zama hizo alijifunza ala kwa kusikiliza na kujaribu. Hapakuwa na shule ya zeze. Aliyetaka kupiga alikaa karibu na mzee apigaye, akaiba kwa macho na masikio, kisha akaenda kujisumbua peke yake pamoja na ng'ombe.

Wakati Zawose alipokuwa kijana, Ugogo ilianza kuandikwa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, akinasa muziki wa makabila ili usipotee. Mwaka 1954 kilitoka kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Mgogo mwenyewe. Kazi hizo mbili zilikuwa na nia moja, ijapokuwa moja ilitumia mashine na nyingine kalamu: kuhifadhi kile ambacho watu waliogopa kwamba kingekufa pamoja na wazee. Zawose hakuwa mhifadhi wa namna hiyo. Yeye alikuwa mmoja wa vitu vilivyotakiwa kuhifadhiwa, naye alikuwa hai, na alikuwa na mawazo yake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, swali la utamaduni lilikuwa miongoni mwa maswali ya kwanza. Mwezi wa Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri, Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wa nchi walijua kucheza dansi za Kizungu na hawakuzijua ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaanzishwa, na mafundi wakatafutwa mikoani. Katika mafundi hao alikuwamo Zawose. Nyerere mwenyewe alimwalika aje Dar es Salaam kuishi na kufanya kazi, na mtu wa Doguwa akateremka pwani na zeze lake.

Mwendo huo wafaa kufikiriwa. Njia ya kale ilipeleka ala bara kutoka pwani, au iliziokota bara na kuzipitisha njiani bila ya kuuliza mwenyewe ni nani. Safari hii serikali ilimwita mpigaji kwa jina lake. Kwa mara ya kwanza mpiga zeze wa Ugogo alihesabiwa kuwa mtu wa taifa, sawa na mwandishi au mwalimu. Hiyo ni heshima ambayo hakuna mpagazi aliyeota kuipata, wala haifai kuipuuza.

Lakini jukwaa si uwanja wa kijijini. Ugogoni muziki una wakati wake: baada ya mavuno, katika arusi, katika jando, katika kuomba mvua. Wimbo waweza kuendelea usiku mzima, na mtu akichoka mwingine hupokea. Hapana watazamaji hasa. Aliyekaa kimya sasa ataimba baadaye, na wimbo ukimtaja mtu kwa sifa au kwa dhihaka, mtu huyo yupo na anasikia. Jukwaani wimbo hupewa dakika zake. Wasikilizaji wamekaa katika viti, upande wao na upande wa wachezaji ni mbalimbali, nao hawajui anayetajwa wala hawaijui lugha. Linalobaki kwao ni sauti na ustadi. Kwa hiyo jukwaa humtaka msanii awe na ustadi unaoonekana mara moja, na humfanya mtu mmoja kuwa mkubwa mahali ambapo kijijini angekuwa mmoja wa wengi. Zawose aliyaweza hayo kwa sababu alikuwa na sauti ya mapana makubwa, iliyotoka chini kabisa ikapanda hata ikawa kama ya mwanamke, na kwa sababu alikuwa fundi wa ala nyingi. Alitumia zeze zenye nyuzi zaidi kuliko ilivyozoeleka, na marimba yenye vyuma vingi, ili mtu mmoja au wawili waweze kujaza ukumbi ambao kijijini ungejazwa na watu hamsini.

Serikali nayo ilikuwa na haja yake. Katika miaka baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, msanii wa taifa alitarajiwa kulisifu taifa, na nyimbo za umoja, kilimo na ujamaa zilitungwa kila mkoa. Mnyampala aliingia katika kazi hiyo kwa ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyosomwa shuleni na mikutanoni, mpaka alipofariki mwaka 1969. Zawose aliingia kwa wimbo. Moja ya sahani zake, iliyotolewa Uingereza mwaka 1985, ina jina la Tanzania Yetu. Watu hawa wawili wa Ugogo wakilinganishwa, tofauti yao ina mafunzo. Mnyampala, ili asikike na nchi nzima, alikiweka kando Kigogo na kuzishika bahari za mashairi ya pwani, vina na mizani, akawa hodari kati ya wenyewe. Zawose aliimba kwa Kiswahili pia, lakini mpango wa sauti zake haukuhama. Neno likiwa la Kiswahili na habari ikiwa ya taifa zima, uzi ulibaki Ugogo. Mtu aliyemsikiliza akiisifu Tanzania aliisikia kwanza Dodoma.

Wengine wameuona utumishi huo kuwa kifungo cha msanii. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, kwani wimbo unaoagizwa hauwezi kulaumu kwa uhuru, na ngoma za kijijini zilijua sana kulaumu. Lakini ni lazima kuhesabu na upande wa pili. Bila ya kikundi cha taifa na radio, zeze lingeendelea kuonekana mijini kama kitu cha washamba, na kijana wa Dodoma aliyefika Dar es Salaam angeona haya kulishika. Zawose aliiondoa haya hiyo. Kazi hiyo haionekani katika sahani yoyote.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilifunguliwa Bagamoyo, kikarithi kazi ya vikundi vya taifa, na Zawose akawa miongoni mwa waliofundisha huko. Bagamoyo ikawa kwao. Jina la mji huo hufasiriwa kwa njia mbili: wako wasemao kuwa ni mahali ambapo mpagazi aliubwaga moyo wake kwa raha, safari ikiwa imekwisha, na wako wasemao kuwa ni mtumwa aliyeubwaga hapo kwa kukata tamaa, akijua kwamba haoni tena bara. Zawose alifika mwisho wa njia ile ile ambayo juu yake babu zake waliwatoza Waarabu na Wazungu hongo, na mji huo ukamtaka afanye mambo yote mawili: apumzike na aache. Alipata nyumba, kazi na wanafunzi. Akaacha nchi ambayo nyimbo zake zilikuwa na watu wa kutajwa.

Jawabu lake lilikuwa kuileta nchi hiyo pwani. Alikusanya jamaa zake, ndugu, wana, na watoto wa ndugu, akawafundisha kuimba, kupiga na kutengeneza ala. Katika ziara za kwanza Ulaya alikwenda na mafundi wenzake wa Kigogo, Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, walioitwa kwa pamoja Mafundi wa Muziki wa Tanzania. Baadaye alikwenda zaidi na watu wa nyumbani mwake, hasa Charles Zawose, mwana wa nduguye, aliyekuwa mwenzake wa karibu katika sauti na marimba. Ukoo ukawa kijiji kidogo kilichohamia ufukoni. Mtoto aliyezaliwa humo alikua akisikia sauti za Kigogo kila siku, ingawa nje ya ua palisikika Kiswahili na mawimbi.

Katika miaka ya 1990 sauti hiyo ilifika mbali. Kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza, ilitoa sahani ya Chibite mwaka 1996. Baadaye Zawose alitengeneza na Michael Brook, mpiga gita wa Kanada, sahani iitwayo Assembly, ambayo ndani yake zeze na marimba vimechanganywa na mitambo ya umeme. Mwaka 2002 yeye na Charles walifuatana na Gabriel katika ziara, wakaimba mbele ya maelfu ya watu katika kumbi kubwa. Wako waliopenda Chibite zaidi, kwa kuwa haina chochote ila watu na ala zao. Wako waliopenda Assembly, kwa kuwa ilionyesha kwamba zeze haliogopi kukaa na gita. Mtu aliyekwisha kuitia rababa sauti ya Kigogo hawezi kushangazwa na mtambo. Ila jambo moja ni wazi: kadiri kumbi zilivyozidi kuwa kubwa, ndivyo mzigo wa muziki mzima wa Wagogo ulivyozidi kuwekwa juu ya bega la mtu mmoja. Kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya, Zawose alikuwa ndiye Ugogo.

Si yeye peke yake aliyepata mzigo wa namna hiyo. Katika milima ya North Carolina, Marekani, aliishi Tommy Jarrell, mpiga fidla wa mtindo wa kale, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufa mwaka 1985. Alijifunza kwa baba yake Ben, ambaye naye alipata kunaswa katika sahani mwaka 1927. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Tommy alifanya kazi ya barabara za jimbo, akiendesha mashine ya kusawazisha njia, na fidla ilikaa kando. Alipostaafu na kufiwa na mkewe ndipo vijana wa mijini walipomgundua. Walifika nyumbani kwake kutoka pande zote za nchi, wakakaa jikoni, wakala chakula chake na kuiga kila mvuto wa uta wake, na mwaka 1982 serikali ya Marekani ikamtunuku. Wanafunzi wake wengi walikuwa wageni, wana wa watu wengine kabisa. Muziki wake uliokolewa na watu waliouchagua. Zawose alitaka kuuokoa wa kwake kwa watu waliozaliwa ndani yake. Njia ya Jarrell hupata wanafunzi wengi, lakini mazungumzo na kazi za siku zilizouzaa muziki hupungua. Njia ya Zawose huweka yote pamoja, lakini ukoo ukipatwa na msiba, shule nayo imepatwa.

Na msiba ulikuja. Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, akiwa na umri wa miaka 65, na Charles, aliyetazamiwa kushika nafasi yake, akamfuata baada ya muda mfupi. Watu wengi walidhani kwamba mambo yamekwisha. Waswahili husema ngoma ivumayo haidumu, na kwa wapenzi wa nje ngoma hii ilikuwa imevuma kwa sauti ya mtu mmoja.

Lakini haikunyamaza. Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, aliendelea kutengeneza na kupiga ala za baba yake, na mwaka 2017 alitoa sahani aliyoiita Uhamiaji. Neno hilo kwa mtu wa ukoo uliohama kutoka Dodoma kwenda pwani si neno la bure. Jambo lililotazamiwa kidogo zaidi likatokea mwaka 2024. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa sahani iitwayo Maisha, wakiwa wao ndio waimbaji wakuu na wapigaji. Kwa desturi za Wagogo ngoma ya muheme ni ya wanawake, lakini zeze na marimba zilikuwa mikononi mwa wanaume, na katika kikundi cha Hukwe wanawake waliitikia nyuma. Waliokaa nyuma miaka hiyo yote walikuwa wakijifunza. Ni elimu ile ile ya machungani, ya kuiba kwa macho na masikio, nayo haikuwahi kumwuliza mwanafunzi kama ni wa kiume au wa kike. Zeze lililoletwa Bagamoyo ili lihifadhiwe jinsi lilivyo likaokolewa na badiliko ambalo Doguwa ya mwaka 1938 isingelikubali.

Ugogo nayo haikungoja kuokolewa na Bagamoyo. Vijijini vikundi vyaendelea kuimba, na Chamwino, karibu na Dodoma, kumefanywa matamasha ya muziki wa Kigogo ambayo ndani yake vikundi vya kijiji kimoja husikilizwa na vikundi vya vijiji vingine, watu wanaojua nani ametajwa na kwa nini. Huko Zawose ni jina kubwa, lakini ni jina moja kati ya mengi, kama ilivyo desturi ya muziki wenyewe. Mithali yasema mcheza kwao hutunzwa. Zawose alitunzwa zaidi mbali na kwao, na pengine hilo ndilo lililomfanya ajenge kwao kwingine ufukoni, kwa watu wa damu yake, ili apate mahali pa kuchezea.

Basi historia ya zeze katika njia ya misafara ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza ala ilisafiri na mpigaji akasahauliwa: Tabora walilisikia zeze, Burton akalipima, na hapana ajuaye kwamba usiku ule katika Kazeh alikuwa akipiga nani. Katika sehemu ya pili mpigaji alijulikana dunia nzima, hata ikawa hatari ya kusahauliwa kwa wale waliomwimbia nyuma. Wa kwanza walipotea kwa kukosa jina, na wa pili walikaribia kupotea ndani ya jina la mwenzao. Wanawake wa ukoo wa Zawose walipolichukua zeze na kuandika majina yao juu ya kazi yao, walilipa deni la sehemu zote mbili. Njia ya kale yenyewe imebaki majina tu, kama hilo la Kanyenye ambalo watu wa Tabora hulitaja kila siku wanapoelekezana nyumba, bila ya kufikiri juu ya mizigo iliyopita wala juu ya kibuyu chenye uzi mmoja kilichoning'inia pembeni mwa mzigo.